Labeka: Mhadhara juu ya Wito na Mwitiko katika Mapenzi ya Vijana



Nililelewa katika Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ambayo mtoto akiitwa jina lake hakuwa na ruhusa ya kunyamaza wala ya kujibu "nini?", bali alipaswa kuitika kwanza, mvulana kwa "naam" na msichana kwa "abee" au "labeka", kisha ndipo asogee asikilize aliloitiwa, na bibi yangu, aliyekuwa akiniita kutoka jikoni huku mwiko u mkononi, aliponiita mara mbili asisikie sauti yangu, hakupaza ya tatu kwa hasira, bali aliulaza mwiko juu ya kifuniko cha sufuria akaja mpaka mlangoni kunitazama, kwani kwake yeye kimya cha mtu aliyeitwa hakikuwa ujeuri mpaka kwanza ijulikane kuwa si maradhi. Wakati ule niliyaona hayo kuwa ni adabu tu ya nyumbani, kama kuvua viatu mlangoni au kula kwa mkono wa kulia. Leo, baada ya miaka mingi ya kusoma na kusomesha elimu ya nafsi, na ya kuwasikiliza vijana wanaokuja kunieleza habari za mapenzi yao, nimeyakinika kuwa ndani ya adabu ile ndogo mlikuwa na jambo kubwa, nalo ndilo nitakalolieleza jioni hii: ya kwamba kinachoutuliza moyo wa mpenzi si wingi wa maneno, wala si urefu wa muda wanaokaa wawili pamoja, bali ni yakini kuwa akiita ataitikiwa, na kwamba simu, iliyotuzidishia wito mara elfu, haikutuzidishia mwitiko, na katika mwanya uliobaki baina ya viwili hivyo ndimo upweke wa vijana wetu ulimojenga nyumba.

Elimu ya jambo hili haikuanza na wapenzi, ilianza na watoto wachanga. John Bowlby, tabibu wa maradhi ya nafsi, alizaliwa London mwaka 1907, mwana wa daktari mpasuaji mashuhuri, katika nyumba ya mali na watumishi ambamo, kwa desturi ya watu wa tabaka lake, mama aliwaona wanawe takriban saa moja tu kwa siku, baada ya chai ya alasiri, na malezi yaliyosalia yakawa mikononi mwa yaya. Na yaya yule aliyempenda alipoondoka, naye Bowlby akiwa mtoto wa miaka kama minne, alihuzunika huzuni ambayo alipokuwa mtu mzima aliifananisha na ya kufiwa na mama. Si ajabu, basi, kwamba umri wake wote aliutumia katika kuuliza swali moja: mtoto hupatwa na nini anapokatwa na yule ambaye moyo wake umemwambata? Mwenzake katika kazi, James Robertson, alionyesha mwaka 1952 filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali bila mama yake, na kutokana na watoto wa namna hiyo wakaeleza daraja tatu za majonzi: kwanza mtoto hulia na kudai, pili hukata tamaa akanyamaza, tatu huonekana amepona, anacheza na wauguzi na kula chakula chake, hata mama anapofika mtoto humgeuzia uso kama mtu asiyemjua. Watu wa wakati ule waliiona daraja hii ya tatu wakasema, "Alhamdulillahi, amezoea." Bowlby na Robertson wakasema la, hakuzoea, huyu amefunga mlango. Nawaombeni muuweke moyoni mlango huo, kwa kuwa tutaukuta tena umefungwa kwa watu wenye ndevu na wenye hina mikononi.

Lakini kipande cha elimu hii kinachotupasa sisi kukijua zaidi hakikupatikana London, kilipatikana Buganda. Mary Ainsworth, mwanamke aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, na ambaye alianza kufanya kazi na Bowlby mwaka 1950, alifuatana na mumewe kwenda Kampala mwaka 1954, na kwa msaada wa taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwapo Makerere akaanza kuzizuru familia 26 katika vijiji vya jirani na mji, zenye watoto wachanga 28, akifika kila nyumba aghalabu mara moja kila wiki mbili na kukaa saa mbili, yeye na mkalimani wake, kwa miezi kadhaa. Alikwenda na nia ya kuchungua yampatayo mtoto anapoachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi yake, kama ilivyokuwa desturi ya zamani ya Waganda. Alipofika akakuta desturi ile imekwisha kufifia, na badala ya kufunga virago alikaa kitako katika sebule za watu akatazama yaliyokuwapo. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto atambaaye huondoka kwa mama kwenda kuchungua sufuria, kuku na miguu ya wageni, kisha hurudi kumgusa, kisha huondoka tena, kama ngalawa inayotoka kuvua kwa kuwa inajua ufuko ulipo. Aliona pia kuwa mama arudipo kutoka shambani, mtoto wa Kiganda hakumkumbatia wala kumbusu kama wafanyavyo watoto wa Ulaya, bali alipiga makofi. Fikirini, jamaa zangu, mtoto asiyejua bado kusema, amekaa juu ya mkeka, anaona kivuli cha mama yake mlangoni, na viganja vyake viwili vinakutana kwa furaha: huo ndio mwitiko katika umbo lake la awali, kabla haujavikwa lugha.

Na kuna jingine aliloligundua huko ambalo kwangu mimi ni johari ya kitabu chote. Katika kutafuta ni kina mama gani ambao watoto wao walikuwa na utulivu wa moyo, aliona kuwa ni wale waliokuwa na habari nyingi za watoto wao: mama aliyeulizwa juu ya mwanawe akaeleza bila kusita kwamba huyu hupenda kulala ubavu wa kulia, hukasirika jua linapompiga usoni, na kilio chake cha njaa si sawa na kilio chake cha usingizi. Mama mwenye habari za mtoto ndiye aliyejua namna ya kumwitika. Sisi Waswahili hatuwezi kusalimiana bila ya kuulizana habari, na nadhani wazee wetu walijua walichokifanya.

Ainsworth aliporudi Marekani alitengeneza huko Baltimore jaribio la muda wa dakika kama ishirini, ambamo mtoto wa mwaka mmoja huwekwa na mama yake katika chumba asichokizoea, akaingia mgeni, mama akatoka, kisha akarudi. Watu wengi hudhani kuwa jambo la kutazamwa ni kilio cha kuagana. Sivyo, jambo la kutazamwa ni makaribisho ya kurudi. Wako watoto waliolia mama alipotoka, na aliporudi wakamwendea, wakatulia, wakarudi mchezoni. Hao ni wenye moyo wa utulivu. Wako waliomwendea huku wamekasirika, wanamng'ang'ania na kumsukuma kwa wakati mmoja, hawatuliziki. Hao ni wenye moyo wa wasiwasi. Na wako ambao hawakulia kabisa, na mama aliporudi walimtupia jicho mara moja wakaendelea kugeuza-geuza kidoli. Hao ni wenye moyo wa kujitenga, na lau mngewaona mngewasifu kwa ujasiri wao, walakini wataalamu wengine walipopima mapigo ya mioyo ya watoto wa namna hiyo mwaka 1977, waliona kuwa moyo unadunda kwa kasi chini ya uso ule mkavu. Ni mlango ule ule uliofungwa hospitali, na nyuma yake yumo mtu.

Miaka ikapita, hata mwaka 1987 wanachuoni wawili, Cindy Hazan na Phillip Shaver, wakatoa insha wakidai kuwa huba ya watu wazima ni tawi la mti huo huo. Walikuwa wameweka maswali katika gazeti la mji wa Denver, wakawaomba wasomaji wachague ni maelezo gani kati ya matatu yanayofanana na hali zao katika mapenzi, na katika majibu 620 waliyoyachambua, asilimia 56 walijieleza kuwa na utulivu, 25 kuwa wa kujitenga, na 19 kuwa wa wasiwasi. Hao ni wasomaji wa gazeti moja la Marekani, wala sisi hatuna haja ya kuzifanya hesabu zao kuwa kipimo cha Lamu au Tanga. Bali ninachokichukua kwao ni ile dhana yenyewe, kwamba mtu mzima anapompenda mwenziwe huuliza, bila ya kujua kuwa anauliza, swali lile la mtoto wa juu ya mkeka: nikikuita, utaniitika?

Sasa nataka niwaonyeshe swali hilo linavyoulizwa katika zama hizi. Alinijia kijana mmoja ambaye mchumba wake alikwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani, wakakubaliana miaka miwili kisha arusi. Mwajiri wa msichana hakumruhusu kushika simu mchana, kwa hiyo ujumbe wa kijana ulikaa na tiki moja mpaka usiku, kisha zikawa mbili, kisha zikageuka buluu, na jibu lisije. Kijana alinyoosha simu yake mbele yangu, kioo chake kina ufa pembeni, akanionyesha kwa kidole: "Tazama, Mwalimu. Amesoma saa tano. Ameonekana mara ya mwisho saa nane za usiku. Saa nane alikuwa na nani?" Alikuwa amepiga mara kumi na saba, halafu akatuma maneno ambayo mwenyewe aliona haya kunisomea, na msichana akazidi kunyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo huyu alivyozidi kupiga. Ilikuwa siku nyingi baadaye, walipozungumza kwa utaratibu, ndipo ikajulikana kwamba saa zile za usiku binti yule, ambaye alilelewa kutolalamika na ambaye uchovu ulikuwa umemnyima hata nguvu ya kuandika sentensi moja, alikuwa akilala huku ameiweka simu sikioni, akizisikiliza jumbe za sauti za mchumba wake za mwezi uliopita, zile za zamani, za kabla ya ugomvi.

Mnaona, basi, hawa wawili walivyokuwa. Mmoja ana moyo wa wasiwasi, na dawa yake ni kubisha; mwingine ana moyo wa kujitenga, na dawa yake ni kufunga; na kila mmoja kwa kuitumia dawa yake mwenyewe anamzidishia mwenziwe ugonjwa. Simu haikuuumba ugonjwa huo. Lakini imewapa chombo kinachoonyesha tukio bila ya kuonyesha maana yake: kinakwambia kuwa amesoma, hakikwambii kuwa alisoma huku machozi yanamtoka. Tangu Novemba 2014, WhatsApp ilipoanza kuzitia tiki zile rangi ya buluu, kila mpenzi mwenye wasiwasi amepewa ushahidi wa kusoma kila saa bila ya kupewa kadhi wa kuufasiri.

Wazee wetu wa mwambao waliijua ghaibu, na huenda waliijua kuliko sisi. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, na kusi ikayarudisha, na mke wa baharia alimuaga mumewe akijua kuwa hatamwona mpaka upepo ugeuke. Sisemi kuwa maisha yale yalikuwa raha. Walikuwapo waume wasiorudi, na wake waliozeekea dirishani bila ya kupata hata salamu. Ninachosema ni kuwa ghaibu ile ilikuwa na mpaka unaojulikana: hakuna mwanamke aliyemshuku mumewe mwezi wa Juni kwa kuwa hakuleta habari, maana mwezi wa Juni haukuwa mwezi wa majahazi ya kuja. Ghaibu ya leo haina msimu. Mpenzi yuko mbali na yuko karibu kwa wakati mmoja, anaweza kuitika wakati wowote, na kwa sababu hiyo kila dakika asiyoitika inakuwa kana kwamba ni dakika aliyokataa. Mtu aliyeweza kungoja miezi sita hakuwa na subira ya ajabu kutushinda. Alikuwa na miadi.

Hapa ndipo ninapoingia katika suala la upweke. Mwaka 1973 mwanachuoni wa Marekani, Robert Weiss, alitenganisha upweke wa namna mbili: ule wa kukosa jamaa na marafiki wa kuketi nao, na ule wa kukosa mmoja wa kumwambata kwa moyo, akasema kuwa huu hauponyeki kwa ule. Kiswahili kinatupa maneno ya kufaa, na mimi nitauita wa kwanza upweke na wa pili ukiwa. Mpweke hana watu. Mkiwa aweza kuwa na watu mia sita katika makundi ya simu yake, wanaomtakia heri siku ya kuzaliwa kwa maua na mishumaa, na asiwe na mmoja ambaye akisema saa nane za usiku "ninaogopa" atamjibu. Tusidhani kuwa hayo ni maradhi ya Ulaya. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2025 kuwa mtu 1 katika kila 6 duniani huonja upweke, kwamba vijana ndio waonjao zaidi, na kwamba katika nchi za kipato cha chini wenye upweke ni asilimia 24 hivi, ilhali katika nchi tajiri ni kama 11. Sisi tunaojisifu kuwa mtu ni watu, imetupasa kuiangalia hesabu hiyo bila ya kukwepesha macho.

Na sasa kumekuja mlango mwingine. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwanachuoni wa taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, alitengeneza programu ya kompyuta iliyoyageuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia, nayo haikuelewa hata neno moja. Na yeye mwenyewe alieleza namna katibu wake, aliyemwona akiitengeneza na aliyejua kuwa ni mtambo, alivyoanza kuzungumza nayo kisha akamwomba atoke chumbani awaachie faragha. Leo programu za namna hiyo ni fasaha kupita kiasi, zina majina ya kike na ya kiume, na wako vijana wanaozifanya mahabubu wao. Siwacheki vijana hao hata kidogo. Mtu aliyebisha hodi milango kumi asisikie karibu, haishangazi akipenda mlango unaosema karibu wenyewe. Lakini nawaambia kwa mapenzi: kitu kile huitika daima, ila hakikuiti kamwe kwa shida yake. Hakina usiku wake wa homa, hakina mama aliyelazwa, hakina aibu inayongoja uivumilie. Na moyo wa binadamu hautulizwi kwa kuitikiwa peke yake. Hutulia pia kwa kujijua kuwa wewe nawe ni mtu ambaye mwenzio akiita, wewe ndiwe umwitikaye. Asiyeitwa na yeyote ni mkiwa, hata akiitikiwa usiku kucha.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusiyafanye majina haya ya mioyo kuwa hirizi ya kuning'iniza shingoni. Nawasikia vijana wakisema "mimi ni wa kujitenga, ndivyo nilivyo" kama asemaye kabila lake. Watafiti waliowarudia watu 50 miaka 20 baada ya kuwapima utotoni walitangaza mwaka 2000 kuwa asilimia 72 walibaki upande ule ule, ama wa utulivu ama wa kukosa utulivu. Maana yake ni kuwa zaidi ya robo walibadilika, na tafiti nyingine zimeona mabadiliko makubwa kuliko hayo. Utoto huandika mistari ya mwanzo, lakini kalamu haijakauka, na aghalabu mwenye kuibadilisha mistari ni mtu mmoja mwenye kuitika bila ya kuchoka.

Pili, turudishe msimu katika ghaibu. Wale wachumba wa Muscat hawakushauriwa na mimi wazungumze zaidi, bali wazungumze kwa miadi: kila Ijumaa baada ya isha sauti kwa sauti, na katika siku nyingine msichana akichoka aandike neno moja tu, nalo walilichagua wenyewe, "nipo." Kijana alizima alama ile ya mara ya mwisho kuonekana, akaniambia kuwa wiki ya kwanza aliona kama amekatwa mkono, na wiki ya tatu akalala.

Tatu, tukumbuke adabu ya hodi. Tulifundishwa kubisha mara tatu, na usipojibiwa uondoke kwa heshima yako, bila ya kuchungulia dirishani. Mara ya kwanza ili asikie, ya pili ili ajitayarishe, ya tatu ili achague. Anayepiga simu mara kumi na saba habishi hodi tena, anavunja mlango. Naye aliye ndani, akiwa kweli yupo na amesikia, ana deni la kusema karibu au kusema leo siwezi, kwa kuwa kumwacha mtu kizingitini bila ya neno ni kumfundisha moyo wa wasiwasi kwa mkono wako mwenyewe.

Na la mwisho si la vijana, ni letu sisi wazazi, nami nalisema nikijijumuisha. Tunalalamika kuwa watoto wetu wameolewa na simu, ilhali mtoto mchanga wa leo anamtambaia mama au baba yake na kuukuta uso umeinama juu ya kioo chenye mwanga. Yule mtoto wa Buganda alipiga makofi kwa sababu kila alipopiga aliangaliwa. Mioyo tunayoihurumia ikiwa na miaka ishirini na mitano tulianza kuitengeneza ilipokuwa na miezi minane, sebuleni mwetu, kwa kuitika au kutoitika. Kwa hiyo mtakaporudi majumbani usiku huu, na mtoto akakuita jina lako au akakuvuta upindo wa nguo naye hana neno la maana la kusema, iweke simu chini kama bibi yangu alivyouweka mwiko, mtazame, umwitikie.